Kufuli Limo Ndani, Ufunguo Uko Ng'ambo



Katika minada yote ya Usukuma hakuna hata mmoja wetu aliyepata kununua dume la plau, akalipa fedha zake zote, akalifikisha nyumbani, kisha akaambiwa na muuzaji kwamba mguu wa nne umefungwa, na ya kuwa utafunguliwa pindi akianza kulipa ada ya kila mwezi. Mtu akithubutu kusema maneno hayo katika mnada wa Bariadi atachekwa kwanza, halafu atafukuzwa. Lakini maneno yale yale yamesemwa na makampuni makubwa ya ulimwengu, yamesemwa kwa lugha tamu, na watu wenye elimu zao wametoa fedha wakalipa.

Mwaka 2016 kampuni ya Tesla ya Marekani iliuza magari ya umeme ya aina ya Model S yaliyoitwa ya kilowati-saa 60. Ndani ya magari hayo mlikuwa na betri ya kilowati-saa 75. Zile 15 zilizozidi zilikuwamo, zimeundwa, zimefungwa kwa bolti chini ya gari, zinakwenda kila gari liendako. Ila programu ya kompyuta ilimkataza mwenye gari kuzitumia mpaka aongeze fedha. Mwaka 2022 kampuni ya BMW ya Ujerumani iliwaambia wateja wa Uingereza na wa nchi nyingine kwamba viti vya gari vitapashwa joto kwa ada ya mwezi. Huko Uingereza ada ilikuwa paundi 15. Waya za joto zimo ndani ya kiti, mnunuzi amezikalia, na bado anaambiwa azikodi. Mwaka huo huo Mercedes-Benz ikatangaza huko Marekani kwamba mwenye gari lake la umeme akitaka liongeze nguvu ya kuondoka, na alipe dola 1,200 kwa mwaka. Mashine ni ile ile. Hakuna fundi anayekuja na spana. Kinacholetwa ni ruhusa tu.

Atauliza msomaji: haya yatuhusu nini sisi wa Simiyu? Wangapi Bariadi wana gari la umeme? Viti vya kupashwa joto tuvitakie nini, sisi tunaotafuta kivuli tangu saa nne ya asubuhi?

Ndugu, tuliosomea ualimu tulifundishwa chuoni kwamba mwanafunzi huongozwa kutoka jambo analolijua kwenda jambo asilolijua. Basi tuliache gari kwa kitambo, tuende juu ya paa la nyumba moja.

TAA YA MAYU

Desemba iliyopita tulikwenda katika kitongoji kimoja, mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka mjini Bariadi, kuandikisha wanachama. Umeme wa REA umefika vijiji vingi vya mkoa wetu, nasi twashukuru, lakini nguzo hazijafika kila kitongoji. Giza lilitukuta kwa mama mmoja, mkulima wa pamba, mjane. Juu ya paa lake tuliona kipande cha sola. Ndani mliwaka koroboi, na mtoto wa shule alikuwa ameinamia daftari karibu nayo, moshi ukimwingia machoni.

Tukamsalimu, "Mwadila, mayu," naye akatukaribisha. Tukamwuliza, "Mayu, taa ya sola imeharibika?"

Akajibu, "Haijaharibika, mwanangu. Imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

"Simjui. Nadhani na yeye hanijui."

Tulilitazama lile boksi ukutani. Alama ya betri ilionyesha kwamba imejaa. Kipande cha sola kilikuwa kimekunywa jua la kutwa nzima, jua la Simiyu ambalo hakuna aliyeliagiza kutoka ng'ambo, na umeme ulikuwamo ndani ya boksi umekaa bure. Mama yule alikuwa amelipa kwa simu kila juma kwa muda wa mwaka na zaidi. Akiingiza fedha hupewa namba, namba huzibonyeza kwenye boksi, na boksi hufunguka kwa siku alizolipia. Ilipofika Novemba fedha za pamba zilikuwa zimekwisha, amenunua mbegu, amelipa kibarua cha palizi. Hakuwa na la kuingiza. Boksi likajifunga.

Tunasema wazi: mpaka hapo hatukuona dhuluma. Mtu aliyekopa ana deni, na dawa ya deni ni kulipa. Lakini sikilizeni mwisho wake. Msimu wa pamba ulipofunguliwa mama yule aliuza, na mwezi wa Julai akalipa salio lote mpaka shilingi ya mwisho. Alipaswa kupewa namba ya mwisho, ile ya kulifungua boksi moja kwa moja lisijifunge tena. Namba haikuja. Wakala wa mjini alikuwa amekwisha funga duka. Simu ya kampuni ilipokewa na sauti ya mashine, ikimtaka abonyeze moja, abonyeze mbili, asubiri. Namba ilikuja mwezi wa Oktoba. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa umefanyika Septemba.

Jina la kampuni hatulitaji, maana shauri lake limepelekwa panapohusika. Lakini somo lake ni la watu wote. Mama yule alikuwa amekwisha maliza deni. Boksi lilikuwa mali yake, paa ni lake, jua ni la Mungu. Kilichobaki mikononi mwa mwingine kilikuwa kitu kimoja tu, nacho ni ufunguo. Na mwenye ufunguo ndiye aliyeamua kama mtoto asome au asisome.

Basi ndugu, mwenye Tesla wa Marekani na mayu wa kitongoji kile wamefungiwa na kufuli la ukoo mmoja. Tofauti ni kwamba yule wa Marekani akifungiwa hukasirika, na huyu wa kwetu akifungiwa hukaa gizani.

HESABU YA KIWANDA

Haitoshi kulaani. Mtu asiyejua kwa nini jambo linafanyika hawezi kulizuia. Na tuulize: kwa nini kiwanda kitengeneze kitu kizima, halafu kikifunge?

Tupige hesabu ya mfano, kama ya ubaoni. Tuseme betri kubwa inagharimu shilingi milioni 10 kuitengeneza, na betri ndogo milioni 8. Kwa haraka utasema kiwanda kitengeneze zote mbili, mwenye kidogo apate ndogo. Lakini kutengeneza aina mbili kunataka mikondo miwili ya kazi, akiba mbili za vipuri ghalani, majaribio mawili ya usalama, mafunzo mawili ya mafundi. Gharama hizo ukizigawa juu ya kila betri, zaweza kupita zile milioni 2 zilizookolewa. Kwa hiyo ni nafuu kutengeneza aina moja tu, ile kubwa, kwa wingi. Hii ndiyo kanuni ya viwanda vyote: wingi wa kitu kimoja hupunguza gharama ya kila kimoja. Kanuni hiyo si uovu. Hata vijana wenzetu wa Maswa walioanzisha kiwanda cha chaki waijua.

Sasa betri zote ni kubwa. Kiwanda kikiziuza zote kwa milioni 20, mwenye 14 hatanunua. Kikiziuza zote kwa 14, mwenye 20 mfukoni atachekelea na kubaki na 6 zake. Basi hutafutwa hila: betri hiyo hiyo iuzwe kwa 14 ikiwa imefungwa nusu, na kwa 20 ikiwa wazi. Mwenye 14 amepata gari, mwenye 20 ametoa yote, kiwanda kimechuma kwa wote wawili.

Tazameni vizuri hesabu hiyo. Aliyenunua kwa 14 kitu kilichogharimu 10 amekwisha lipa gharama yote ya betri nzima, na faida ya milioni 4 juu yake. Hakuna aliyemsaidia. Ile sehemu iliyofungwa ameilipia. Anaibeba kila siku barabarani, uzito wake unakula umeme wake na matairi yake. Yeye ni mchukuzi wa mali ambayo haruhusiwi kuigusa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1849 mhandisi mmoja wa Ufaransa, Jules Dupuit, aliandika juu ya garimoshi za nchi yake, ambazo mabehewa ya daraja la tatu hayakuwa na paa. Alieleza kwamba haikuwa kwa sababu mbao za paa zilikuwa ghali. Paa liliondolewa ili abiria mwenye uwezo wa kulipa daraja la pili aogope kupanda la tatu. Maskini alinyeshewa mvua ili tajiri apate somo. Toka siku hizo mpaka leo wachumi wanaijua hila hii. Mwaka 1991 kampuni ya Intel ilitoa vipande vya kompyuta vilivyoitwa 486SX, na vile vya kwanza vilikuwa sawa na ndugu zake wa bei kubwa, ila sehemu ya hesabu ilikuwa imezimwa. Kitu kizima kilifanywa kilema ili kiuzwe rahisi.

WANAOTETEA KUFULI

Wapo wanaolitetea kufuli, nasi hatuna budi kuwajibu kwa haki, maana wengine ni wanachama wenzetu, na wengine ni mawakala wa biashara hizo wanaolisha watoto wao kwazo.

Wanasema kwanza: bila kufuli, maskini asingepata kitu. Mama yule hana hati ya nyumba, hana mshahara, benki haimtazami. Kampuni imemkopesha taa bila dhamana kwa sababu taa yenyewe ndiyo dhamana. Vivyo hivyo kijana anayechukua simu ya mkopo mjini Bariadi, au pikipiki ya mkopo yenye chombo cha kuizima kutoka mbali. Hili ni kweli, na mtu mwaminifu lazima alikubali. Benki zilituacha, kufuli likaja.

Lakini dhamana ina mwisho. Aliyeweka rehani baiskeli yake huichukua akimaliza deni, na mwenye duka hana haki ya kubaki na mnyororo. Tena dhamana ya haki hufuata maisha ya mkopaji. Mkulima wa pamba hupata fedha mara moja kwa mwaka, msimu ukifunguliwa. Kufuli linadai kila juma, kana kwamba sote tumeajiriwa ofisini. Aliyeliunda hakumwuliza mkulima hata mara moja fedha zake huja lini. Kufuli linajua kuhesabu siku, halijui msimu.

Wanasema pili: hakuna aliyelazimishwa, asiyetaka asinunue. Maneno hayo tumeyasikia zamani. Wazee wetu waliambiwa vivyo hivyo mbele ya mizani ya pamba: asiyetaka kipimo hiki arudi na mzigo wake. Arudi nao wapi, wakati mnunuzi ni yule yule na mizani ni ile ile? Hiari inahitaji njia mbili. Pakiwa na njia moja tu, hiyo ni amri iliyovaa nguo za hiari.

Wanasema tatu: ndivyo dunia ya leo inavyokwenda, na sisi ni wadogo. Hilo tutalijibu mwishoni.

MKONO ULIOBAKI NDANI

Garimoshi la Dupuit lisilo na paa lilikuwa baya, lakini uovu wake ulikwisha abiria aliposhuka. Kilicho kipya leo ni kwamba muuzaji anauza kitu, lakini mkono wake anauacha ndani.

Mwezi wa Septemba 2017 tufani iitwayo Irma ilipokaribia jimbo la Florida, Tesla ilifungua kwa muda, ikiwa mbali, zile betri zilizofungwa, ili wenye magari wapate mwendo wa kukimbia. Walishukuru, na kweli lilikuwa jambo la wema. Lakini fikirini: mwenye kuweza kufungua kutoka mbali anaweza kufunga kutoka mbali. Mwaka 2020 magazeti ya Marekani yaliandika juu ya mtu aliyenunua Tesla iliyotumika kwa mfanyabiashara wa magari, kisha uwezo wa gari kujiendesha ukaondolewa kwa mbali, ati mwenye gari mpya hakuulipia. Mpaka watu walipopiga kelele ndipo ukarudishwa.

Habari hii ya magari yaliyotumika ndiyo inayotugusa sisi. Karibu magari yetu yote hutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika. Nani kati yetu hajapanda gari ambalo redio yake haishiki stesheni nyingi za kwetu, kwa sababu iliundwa kwa masafa ya Japani, na maandishi ya kioo chake hakuna ayasomaye? Leo twacheka, kwa sababu ni redio tu. Kesho gari la umeme la mtumba litashuka bandarini Dar es Salaam; ada ya mwenye kwanza imekoma, ufunguo uko Ulaya au Asia, na sehemu ya betri imelala. Fundi wa Bariadi atalifungua boneti aone kila kitu kizima, asiweze kufanya lolote. Na kampuni nazo hufa: Fisker, iliyouza magari ya umeme ya namna hiyo, iliingia katika ufilisi mwezi wa Juni 2024, na wenye magari wakabaki kuulizana nani atayatunza mashine yao ya programu.

Tena kufuli linaweza kumfukuza fundi. Desemba 2023 wataalamu wa kompyuta wa Poland walieleza kwamba walikuta katika treni zilizoundwa na kampuni ya Newag maagizo ya siri ya kulizima treni likikaa muda katika karakana za watu wengine. Kampuni ilikana, na shauri likaenda mahakamani. Nchi yetu imeanza kuendesha treni ya umeme mwaka 2024. Hatusemi treni zetu zina kufuli. Tunasema swali liulizwe kabla ya kutia sahihi, wala lisingoje siku treni imesimama Morogoro.

Na wakulima? Huko Marekani wakulima wamegombana miaka mingi na John Deere, kwa sababu trekta likiharibika mwenyewe hawezi kulitengeneza bila programu ya kampuni. Januari 2025 serikali ya Marekani yenyewe ikaishtaki kampuni hiyo mahakamani kwa jambo hilo. Katika mkoa wetu wengi bado twalima kwa plau na ng'ombe, na trekta twalitazama Nane Nane pale Nyakabindi. Tunalitaka trekta, tena upesi. Lakini tunataka trekta linalomtii aliyelinunua.

NIKELI YA DUTWA

Sasa tufike nyumbani kabisa. Wengi wanadhani sisi katika habari hii ya magari ya umeme ni watazamaji. Si kweli. Betri nyingi za magari hayo hutumia nikeli, na nikeli imo chini ya miguu yetu. Kampuni ya African Eagle, iliyouza hisa zake London, ilichimba mashimo ya utafiti Dutwa, wilayani Bariadi, na Ngasamo ambayo leo iko Busega, ikakuta nikeli katika vilima vile. Ilishindwa kupata mtaji, ikaondoka, na vilima vikabaki. Huko Kabanga, wilayani Ngara, serikali ilitia sahihi Januari 2021 mkataba wa mgodi mkubwa wa nikeli, na taifa letu likapata hisa ya asilimia 16 bila kuchangia mtaji.

Asilimia 16 ni bora kuliko mrabaha wa zamani, na hatuibezi. Lakini tujiulize: ni asilimia 16 ya nini? Ni ya shimo. Katika gari lile la mfano wetu, faida kubwa haikutoka shimoni, wala haikutoka hata kiwandani. Ile tofauti ya milioni 14 na 20 ilitoka kwenye kufuli. Ni milioni 6 zisizo na gramu moja ya chuma ndani yake. Na ada ya kila mwezi itaendelea kulipwa miaka kumi baada ya shimo kufukiwa.

Hii ndiyo hatua mpya ya unyonyaji, nasi wa Simiyu tunaweza kuitambua kwa sababu hatua za kwanza tunazijua kwa ngozi zetu. Mkoa wetu unaongoza nchi kwa pamba. Sehemu kubwa ya pamba hiyo husafirishwa ikiwa nyuzi, bei yake ikipangwa na masoko ya mbali, kisha inaturudia ikiwa nguo, tena mara nyingi nguo iliyokwisha valiwa. Zamani walinunua pamba na kutuuzia shati. Kesho watanunua nikeli na kutuuzia gari, halafu watatukodisha vifungo vya gari hilo.

Wala tusijidanganye kwamba tukikalia nikeli tumekalia ulimwengu. Zipo betri za magari zisizotumia nikeli hata chembe, na viwanda vya China huzitengeneza kwa wingi. Madini huweza kuachwa. Ujuzi hauachwi. Majirani zetu wa Uganda walilielewa hili: wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Makerere waliunda gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011, na juhudi ile ikazaa kampuni ya Kiira Motors inayounda mabasi ya umeme. Basi lililoundwa hapa kwetu, na programu iliyoandikwa hapa kwetu, hata kama lina kasoro, ufunguo wake uko jirani, mtu aweza kuufuata kwa miguu.

MIZANI YA WAZEE WETU

Sasa tuwajibu wale wanaosema kwamba sisi ni wadogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa wadogo kuliko sisi. Walikuwa watawaliwa. Waliona kwamba pamba waliyoibeba kwa kichwa inapungua ikifika juu ya mizani ya mnunuzi. Hawakuvunja mizani. Hawakukaa nyumbani kulia. Waliweka watu wao wa kupima, wakasimama penye mizani na kusoma kipimo wao wenyewe. Kutokana na kazi hiyo vikazaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani, vikaungana kuwa Shirikisho la Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika nzima, lenye vinu vyake vya kuchambua pamba.

Ufunguo wa leo ndio mizani ya jana. Ni chombo kidogo kinachosimama kati ya jasho na haki, na ambacho hukijua mmoja tu. Na dawa yake ni ile ile: tujipange, tukisome wenyewe.

Wala hatuko peke yetu. BMW ilipoona wateja wamekataa, iliacha mwaka 2023 kutoza ada ya viti vya joto. Jimbo la Colorado la Marekani lilipitisha mwaka 2023 sheria ya kumpa mkulima haki ya kutengeneza mashine zake. Kampuni husikia neno la watu wengi wakisema pamoja.

TUNADAI NINI

Kwanza, kila kitu kinachouzwa nchini kikiwa na kufuli la programu, mnunuzi aambiwe kabla ya kulipa, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka: nini kimefungwa, kwa muda gani, na kwa bei gani. Asiyesema, ahesabiwe mdanganyifu wa mizani.

Pili, deni likiisha, kufuli liishe siku hiyo hiyo. Kampuni ikichelewesha namba ya mwisho, imlipe mteja kwa kila siku ya giza, kama yeye alivyodaiwa kwa kila siku ya taa.

Tatu, kampuni ya mkopo kabla ya kupewa leseni iweke funguo zake mahali pa amana serikalini, ili ikifilisika au ikihama, wananchi wafunguliwe.

Nne, fundi wa Tanzania apewe haki ya kutengeneza kilichouzwa Tanzania, na vyuo vya VETA vifundishe programu za mashine pamoja na spana. Kijana anayefungua injini leo ajue kesho kufungua kompyuta ya injini.

Tano, serikali na halmashauri zetu, zinaponunua magari, mitambo au treni, zisinunue bila ufunguo. Mnunuzi mkubwa asiyedai ufunguo anawafunga wanunuzi wadogo wote.

Sita, nalo ni letu sisi wenyewe: vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS zetu, vinunue sola na mashine kwa pamoja, kwa mkataba mmoja, malipo yafuate msimu wa pamba. Mama mmoja hawezi kubishana na sauti ya mashine kwenye simu. Wanachama mia tano wanaweza, maana kampuni itamtuma mtu.

Na viongozi wa matawi tunawaambia bila kuficha: katika mkutano wa tawi ujao, kabla ya ajenda za uchaguzi na michango, ulizeni ni nyumba ngapi katika eneo lenu zina taa iliyofungwa, simu iliyofungwa, pikipiki iliyofungwa, na katika hizo ngapi deni limekwisha lipwa. Andikeni idadi, mwipeleke wilayani. Wazee wetu walianza kwa kuandika kilo, na hesabu ile ndiyo iliyojenga ushirika.

Hatupingi kiwanda. Tunakitaka, na tunataka kiwe Simiyu. Hatupingi gari la umeme. Hewa safi ni ya wote, na mafuta ya ng'ambo yametunyonya vya kutosha. Hatupingi hata mkopo. Tunapinga kitu kimoja: kuuziwa mlango, na ufunguo ukabaki kwa muuzaji.

Tulirudi kwa mayu mwezi wa Oktoba. Taa inawaka. Mtoto wake alikuwa amekwisha fanya mtihani, anangoja majibu. Tulipoaga, mama alitusindikiza mpaka njiani, akatuuliza, "Hivi, mwanangu, hawawezi kuifunga tena?"

Tulimwambia hapana. Ndugu, hatukuwa na hakika. Kazi yetu ni kulifanya jibu lile liwe la kweli.